Muulize Fundi: Hatuna ng'ombe wa kutosha, ila maji machafu ya kiwanda tunayo tele

Wasomaji wangu, tangu nigusie gesi ya samadi kwenye toleo lililopita barua zimekuja nyingi mnoo na karibu zote zinauliza kitu kimoja kwa njia tofauti, kwamba fundi sisi mifugo hatuna lakini tuna maji yanayotoka kwenye kahawa, kwenye mkonge, kwenye muhogo, yananuka, yanatugombanisha na majirani, je hayo nayo yanatoa gesi? Jibu ni ndio, yanatoa, na mengine yanatoa vizuri kuliko samadi. Ila yana tabia zake. Nimechagua barua sita.

*

Shikamoo fundi. Mimi ni katibu wa AMCOS, ushirika wa wakulima, huku Mbinga. Tuna mtambo wa kumenya kahawa, wakati wa msimu tunapokea mpaka tani 8 za kahawa mbivu kwa siku. Maji yake tunayaelekeza kwenye shimo lakini shimo likijaa yanatiririka hadi kijito cha chini, wananchi wa huko wamekuja mara mbili ofisini wanalalamika maji yamekuwa meusi na yananuka. Mjumbe mmoja wa bodi kasema tujenge mtambo wa bayogesi tuzalishe umeme tuachane na dizeli. Inawezekana kweli au ni maneno tu? Na tuanzie wapi?

Marahaba katibu, na nashukuru umeandika wazi kwamba maji yanafika kijitoni, maana wengi wanaficha hapo.

Kwanza tuelewane hayo maji yana nini. Kahawa mbivu ukishaimenya ule ute unaoteleza ni sukari na pektini, ndio unaoyeyuka kwenye maji. Yakikaa siku moja mbili sukari inachacha inakuwa asidi, maji yanashuka mpaka pH ya 4 hivi (pH ni kipimo cha asidi, namba ikishuka ukali umezidi), makali karibu kama maji ya nyanya. Yakiingia kijitoni bakteria wa mtoni wanaishambulia ile sukari na kwa kuila wanamaliza oksijeni yote, samaki na wadudu wanakosa hewa, halafu vile vitu vya rangi vilivyomo kwenye ganda vinayafanya maji yawe meusi. Kwahiyo mwananchi anayelalamika hana chuki na ushirika wenu, anachokiona ndicho kilichopo.

Sasa bayogesi ni kazi hiyohiyo ya bakteria kula sukari, tofauti ni kwamba unawafungia ndani ya tanki lisiloingiza hewa. Bila oksijeni kunakuwa na makundi kama mawili ya wafanyakazi. La kwanza linavunja sukari kuwa asidi, hawa wana haraka na hawachagui. La pili linachukua ile asidi na kutoa metheni, gesi inayowaka, hawa ni wapole, wanazaliana taratibu, hawataki ukali wala baridi wala kushtukizwa. Karibu matatizo yote ya mitambo ya kahawa ninayoitiwa yanatokana na kundi la kwanza kuliacha la pili nyuma. Shika hilo, tutalirudia.

Je gesi ni kiasi gani? Hapa kuna kipimo kinaitwa COD, kinaonyesha maji yana mzigo kiasi gani wa vitu vinavyoweza kuliwa. Kila kilo moja ya COD inayovunjwa inatoa kama lita 350 za metheni, hiyo ni kemia, haibadiliki ukiwa Mbinga au Brazil. Tuseme mnatumia lita 5 za maji kwa kila kilo ya kahawa mbivu, tani 8 zinawapa mita za ujazo 40 kwa siku. Tuseme tena kila mita ya ujazo ina kilo 10 za COD, ni kiwango kinachopatikana kwenye maji ya kahawa, mengine yanazidi hapo. Jumla kilo 400. Mtambo unaofanya kazi vizuri ukivunja asilimia 70 ni kilo 280, mara lita 350, unapata mita za ujazo 98 za metheni. Bayogesi sio metheni tupu, asilimia 60 hivi ndio metheni na iliyobaki kubwa ni hewa ukaa, kwahiyo gesi yote ni kama mita 160. Nguvu yake inakaribia lita 95 hivi za dizeli. Ukiipitisha kwenye jenereta ndogo ambayo robo tu ya nguvu inageuka umeme, mtapata yuniti 240 hivi. Kwa siku moja ya kilele. Sio maneno tu basi.

Lakini hizo ni tarakimu za siku ya kilele, katibu, na msimu wenu unaanza kama Juni unaishia Septemba. Jenereta ya gesi inunuliwe na ilale miezi minane? Mjumbe wako ana nia nzuri ila mi ningekushauri umeme usiwe wa kwanza. Moto ndio wa kwanza, kuchoma gesi moja kwa moja kwenye jiko hakuna upotevu mkubwa. Kama kuna shule yenye bweni jirani inayopikia kuni, bomba la mita mia mbili tatu linaweza kuwa na maana kubwa kuliko jenereta. Alafu kama injini yenu ya dizeli ya kuzungusha mashine bado nzima, ipo njia ya kuingiza bayogesi kupitia mlango wa hewa wa injini huku dizeli kidogo ikibaki ya kuwashia. Inapunguza dizeli sana na msimu ukiisha injini inarudi kwenye dizeli tupu bila hasara.

Na kabla hujaita fundi yeyote, punguza maji! Hili nalisema kila siku na watu wanalipita. Mitambo ya zamani inaweza kula hata lita 20 za maji kwa kilo ya kahawa mbivu, ukiyazungusha upya yaleyale au ukawa na mashine ya kisasa inayokwangua ute yenyewe unaweza kushuka mpaka lita moja au chini. Sukari ni ileile, haipungui kwa sababu umetumia maji machache, inakolea tu. Ila tanki linajengwa kwa ukubwa wa maji. Maji 40 kwa siku yakikaa siku 10 ni tanki la mita 400, hiyo bei AMCOS haiwezi. Yakiwa maji 8, hata ukiyaacha yakae siku 20 kwa sababu yamekolea, ni mita 160. Nimeona mradi umeandikwa kwa maji mengi yasiyo na sababu, bajeti ikakataliwa, wakati bomba la kurudisha maji na pampu ndogo lingemaliza nusu ya tatizo.

Jingine, na hili ukiwaeleza wanachama waeleze kwa ukweli: maji yanayotoka kwenye mtambo bado sio ya kumwaga mtoni. Kiwango cha Tanzania cha maji machafu kumwagwa ni COD isiyozidi miligramu 60 kwa lita. Ya kwenu yanaingia yakiwa 10,000 (ndizo zile kilo 10 kwa mita ya ujazo), ukitoa asilimia 70 zimebaki 3,000. Umepiga hatua kubwa, harufu imeisha karibu yote, asidi imeisha, lakini ukimwaga mtoni umevunja sheria vilevile. Yapitishe kwenye mabwawa mawili matatu ya kina kifupi yenye matete au majani ya vetiva, au yapeleke shambani. Yana naitrojeni na potasiamu. Nyie Wamatengo mna ngolo zenu, yale mashimo yanashika maji vizuri sana, ukiyamwagilia kwa mzunguko shamba moja leo jingine kesho, mahindi yatakwambia. Kibali cha NEMC, wale wa mazingira, tafuteni mapema, na chora hayo mabwawa kwenye mchoro tangu mwanzo.

Kuanzia: pima maji kwa wiki mbili za msimu, mita tu kwenye bomba na karatasi za kupimia asidi, hazigharimu kitu. Peleka chupa mbili maabara wapime COD. Weka chujio zuri ili maganda yasiingie tanki, yana kemikali za uchungu zinazowabana bakteria na yanaelea juu yanatengeneza gamba, hayo yaende mboji. Alafu ndo uniandikie tena na namba hizo.

*

Hujambo mwalimu? Mimi ni wa Kirinyaga, nafanya kazi fakitori ya kahawa ya sosaiti yetu. Tulijengewa digesta mwaka jana, Oktoba ikaanza vizuri, gesi ilikuwa mob, lakini Novemba kahawa ilipokuja kwa wingi gesi ikawa inatoka na haishiki moto. Sasa inanuka kama siki. Aliyejenga hashiki simu. Tuifungue tuanze upya ama?

Sijambo kaka, pole sana. Msifungue na msimwage kitu, mngoje kwanza.

Kilichotokea ni kile nilichomwambia katibu wa Mbinga. Oktoba mlikuwa mnailisha kidogo, makundi yote mawili yakaenda sambamba. Novemba kahawa imefurika mkaingiza sukari mara tatu mara nne ya ile ya kwanza, kundi la asidi likala likashiba, kundi la metheni likazidiwa. Asidi ikipanda ndio linazidi kulala, na likilala asidi inazidi kupanda. Ile gesi inayotoka bila kushika moto ni hewa ukaa nyingi, metheni imeshuka. Siki unayoinusa ni siki ya kweli, ndiyo asidi yenyewe.

Fanya hivi. Simamisha kulisha kabisa, maji ya kahawa yaende kwenye bwawa la akiba kwa sasa. Pima asidi ya maji yanayotoka mlango wa nje. Bakteria wa metheni wanataka iwe kati ya 6.8 na 7.5, nahisi ya kwenu iko 5 na kitu. Kama ni 6 na kitu, siku tano sita za njaa zinaweza kutosha ikapanda yenyewe. Kama ni 5 unahitaji kusaidia. Wengi wanakimbilia chokaa, inafanya kazi ila ukiitupa nyingi kwa mpigo inanyonya ile hewa ukaa iliyopo juu na tanki linavutwa ndani, kuba la matofali linaweza kupata ufa na turubai linajikunja. Kwahiyo chokaa iyeyushe kwenye ndoo, ingiza kidogo kidogo, pima, ngoja kesho yake. Magadi nayo ni mazuri, tena ni mapole kuliko chokaa, hayo hayo ya kulainishia githeri, na nyie Kenya mnayo ziwa zima. Ila usizidishe, chumvi yake ikiwa nyingi bakteria wanaumwa.

Sambamba na hilo wanahitaji wenzao wapya. Samadi mbichi ya ng'ombe, mbichi ya leo sio ya rundo lililokauka, maana tumbo la ng'ombe ndilo nyumbani kwa hawa bakteria. Kama jirani yenu ana digesta ya samadi inayofanya kazi, muombe mapipa kadhaa ya tope linalotoka, hilo ni bora zaidi kwa sababu kundi la metheni limeshakomaa humo. Gesi ikianza tena kuwaka bluu, rudisha kahawa kwa robo ya kiasi cha zamani, kaa wiki, ongeza robo nyingine. Usipandishe kwa sababu meneja anasukuma, pandisha kwa sababu pH imetulia.

Na hapo kwenu kuna baridi. Bakteria hawa wanapenda nyuzi 35 hivi, chini ya 20 wanazubaa, na asubuhi za Kirinyaga unazijua mwenyewe. Tanki lililozikwa ardhini linasaidia, la juu ya ardhi lizungushie majani makavu au udongo.

Kwa msimu ujao: kahawa ikiisha msiliache tanki na njaa mpaka Oktoba nyingine. Kati yake mna ile kahawa ndogo ya Aprili mpaka Juni, lisheni hiyo, na miezi mikavu lisheni samadi ndoo kadhaa kila siku, ili tu wasife. Wiki tatu nne kabla ya kahawa kubwa ongezeni samadi muwaamshe. Mkifanya hivo Novemba haitawashtua.

Huyo fundi asiyeshika simu amenisikitisha. Kujenga kuba ni kazi ya wiki chache, kufundisha mtu wa kulilisha ndio kazi yenyewe, na mkataba wowote mtakaosaini tena hakikisheni mafunzo na msimu mmoja mzima wa kufuatilia yameandikwa humo.

Kuna kitu hukijui labda na kitakupa moyo. Kenya bayogesi imeanzia kwenye kahawa. Miaka ya 1950 mkulima mmoja wa kahawa aitwaye Tim Hutchinson alijenga mtambo wake shambani, 1957, na alipoona lile tope linavyoistawisha mikahawa akaanza kuwajengea wengine, kwa miaka mingi tope ndio alilokuwa analiuza kama faida kuu, gesi ikiwa nyongeza. Kwahiyo hata gesi yenu ikisuasua mwezi mzima msilidharau tope lililopoa, likishakuwa halina asidi lipelekeni kwenye miti.

*

Habari za kazi dada. Mimi ni mkulima mdogo wa mkonge Korogwe. Nasikia kuna mtambo Hale uliwahi kutoa umeme kwa maji ya mkonge. Ni kweli? Sisi wakulima wadogo tukichangia korona yetu, ile mashine ya kukwangua majani ya mkonge, tunaweza?

Nzuri kaka, na barua yako imenigusa, mi nimekulia karibu na shamba la mkonge, harufu ya maji ya korona naijua tangu niko mdogo, tulikuwa tunaziba pua tukipita kwenda shule.

Ni kweli. Mtambo wa Hale wa kampuni ya Katani ulijengwa 2007, ukisaidiwa na UNIDO, shirika la viwanda la Umoja wa Mataifa, na ule mfuko wa bidhaa unaoitwa Common Fund for Commodities, ukaanza na jenereta ya kilowati 150, na unatajwa kuwa wa kwanza duniani kutoa umeme kwa mabaki ya mkonge. Fikiria sababu yake. Jani la mkonge ukilipitisha kwenye korona singa, yaani nyuzi, unazozipata ni asilimia 4 au 5 hivi ya uzito wa jani bichi. Zilizobaki zote, nyama ya jani na juisi, zinaoshwa na maji zinakwenda kutupwa. Dk. Richard Hindorf alileta mkonge Tanganyika mwaka 1893, vikafika hai vichipukizi 62 tu, na kutoka hapo nchi nzima ikajaa mashamba, Tanga ikawa mkoa wa mkonge, na kwa zaidi ya miaka mia moja tumekuwa tukichukua zile 4 na kutupa zile 95. Mi hilo linaniuma kila nikilifikiria. Kilifi nako walijenga mtambo unaochanganya mabaki ya mkonge na samadi, ukubwa huohuo wa kilowati 150.

Sasa kwenu. Mkonge una jambo moja zuri ambalo kahawa haina: unakatwa mwaka mzima, kwahiyo bakteria hawana msimu wa njaa. Ubaya wake ni vile vipande vifupi vya singa vinavyopita na maji, vinajisokota kwenye pampu na kwenye kichanganyio mpaka mota inaungua. Mkijenga, nusu ya akili yenu iende kwenye kuchuja hizo nyuzi kabla hazijaingia. Alafu majani ni makali kwa asidi, yale ya kahawa hapo juu yote yanawahusu, anzeni na samadi nyingi punguzeni polepole.

Wakulima wadogo wenye korona moja sidhani muanze na umeme. Hesabu ya jenereta inaanza kukaa sawa mahali ambapo korona inafanya kazi kila siku na kuna mtu analipwa kukaa na mtambo. Nyie mkiweza bwawa lililofunikwa kwa turubai zito la plastiki, gesi ikaenda kwenye jiko la kantini na nyumba za jirani, tope likarudi shambani, mtakuwa mmefanya kitu. Kama korona bado hamjanunua, kaeni na shamba kubwa la jirani mjadiliane, maji yenu na yao kwenye tanki moja yana thamani kuliko matanki mawili madogo.

*

Mwanangu habari za huko. Sisi ni kikundi cha akina mama Mkuranga, tunakwangua muhogo tunakamua tunakausha tunauza unga. Kwa wiki tunafanya kama tani moja. Maji ya kukamua tunayamwaga nyuma ya banda, mbuzi wa jirani alikunywa akafa, sasa kuna kesi kwa mjumbe. Tunaweza kupata gesi ya kupikia humo?

Shikamoo mama. Pole na hiyo kesi.

Mbuzi kafa kwa sababu maji ya muhogo, hasa ule mchungu, yana sumu ya sayanaidi. Leo hii kabla ya mambo ya gesi, zungushieni uzio au chimbeni shimo lenye mfuniko, mbali na kisima, na hata watoto wasicheze hapo.

Gesi ipo. Tani moja ya muhogo ikikamuliwa inatoa maji kama lita 300, mazito mno kwa wanga na sukari, gramu 50 za COD kwa lita sio ajabu. Nikipiga hesabu ileile inakuja mita za ujazo 6 hivi za gesi kwa tani. Lakini mama hiyo ni kwa wiki nzima, haifiki mita moja kwa siku, na familia moja ya watu watano sita inapika na mita moja na nusu mpaka mbili. Sitaki nikupe matumaini ya uongo. Kwa maji ya muhogo peke yake mtachemsha chai na uji wa kikundi, kukaushia unga haitoshi.

Mkiwa na ng'ombe wawili watatu wa jirani, au banda la kuku, hapo picha inabadilika. Mtambo wa kuba wa mita 6 au 8 ule wa kawaida wa nyumbani unawatosha, mafundi wake wapo wengi tangu ule mpango wa taifa wa bayogesi ya majumbani ulioanza 2009, na CAMARTEC, kituo cha teknolojia za kilimo na vijijini kilichopo Arusha, ndio wenye michoro. Mnaanza na samadi tupu mwezi mzima mpaka gesi inawaka vizuri, alafu mnaingiza maji ya muhogo lita 5 kwa siku, wiki ijayo 10, hivo hivo. Sayanaidi inawabana bakteria ila wakizoeshwa taratibu wanaivunja wenyewe. Msimwage lita 300 siku ya kukamua! Wekeni mapipa ya kuhifadhi mgawanye kwa wiki. Na hayo maji yakikaa kwenye pipa saa chache chini kunatua wanga mweupe, uchoteni kwanza, unauzika.

Thailand kwenye viwanda vikubwa vya wanga wa muhogo, mkoa wa Nakhon Ratchasima, tangu 2003 hivi wamekuwa wakifunika mabwawa ya maji haya na kukaushia wanga kwa gesi yake badala ya mafuta mazito. Nakutajia ili ukifika kwa mjumbe umwambie maji yenu sio laana, ni kazi inayohitaji mpangilio, na kikundi kimeshaanza kuupanga. Mbuzi wa watu mlipeni lakini.

*

Fundi mambo. Niko Bukoba, kahawa yetu nayo ina maji hayo?

Poa. Kama ni robusta mnayoanika juani na ganda lake, hapana, hamna maji machafu ya kuzungumzia, maganda yenu makavu ni ya boila au mboji. Kama kuna mtambo wa maji kwenye ushirika wenu soma jibu la Mbinga.

*

Naomba msaada wa haraka. Tuna tanki la bayogesi la shamba, Tukuyu, lina miaka sita, gesi imepungua nadhani tope limejaa chini. Kijana wangu yuko tayari kushuka kusafisha Jumamosi, tumeshafungua mfuniko tangu juzi. Kuna tahadhari gani?

Asishuke. Nimekupigia kwa namba uliyoweka kwenye barua na tumeongea, ila naiweka hapa kwa ajili ya wengine.

Kufungua mfuniko siku mbili hakusafishi hewa ya ndani. Hewa ukaa ni nzito inakaa chini kama maji, na ile gesi ya yai viza ikiwa nyingi inaua pua kwanza, unaacha kuisikia harufu, unadhani imekwisha, kumbe ndio imezidi. Metheni nayo ikichanganyika na hewa kati ya asilimia 5 na 15 inalipuka kwa cheche ya simu au tochi ya kawaida. Nilipokuwa bado naanza kazi, kwenye shamba moja, kijana mwenzetu alishuka ngazi mbili tu kuokota ndoo iliyoanguka. Mbili tu. Magoti yakalegea mbele ya macho yetu. Aliyetaka kumfuata tulimshika kwa nguvu, na yule aliyeshuka tulifanikiwa kumtoa kwa sababu mzee mmoja alikuwa amesisitiza asubuhi ile kila mtu avae kamba kiunoni hata kama anakaa juu, na sisi tulikuwa tumenung'unika. Kijana yule leo ana watoto watatu.

Tope linatolewa kutoka juu. Kodisha pampu ya tope, ile ya wanaonyonya vyoo inafaa, zima moto wote wa karibu, simu wekeni mbali, mkae upande upepo unakotoka. Kama limeganda ingiza maji kwa presha lilainike kisha nyonya tena. Usitoe lote, acha robo, humo ndimo bakteria walimo, vinginevyo mtasubiri mwezi kupata moto. Na kabla ya yote hayo angalia bomba la gesi sehemu ya chini kabisa linapolala, mara nyingi maji yamejikusanya humo yameziba, mtu anadhani tanki limejaa kumbe ni kikombe kimoja cha maji kwenye bomba. Fungua koki ya kutolea maji, ngoja siku mbili, uone moto unakuwaje, kisha nipigie kabla hujalipia pampu.